SARKOMA: UVIMBE USIOTAJWA JINA KWA MACHO

Chama chetu cha Kiswahili kilipogawa mada za jarida la mwaka huu, wenzangu walinyakua upesi zile tamu tamu: kandanda, harusi za kwetu, mapenzi shuleni. Mimi niliomba niachiwe maneno mawili tu, saratani na sarkoma. Mwenzangu mmoja akaniuliza, "Si hayo ni neno moja, tena hilo la pili limetamkwa vibaya?" Swali lake ndilo lililonipa makala haya, manake ni swali ambalo hata watu wazima huliuliza wakiwa wameketi kwenye benchi la hospitali na karatasi mkononi.

Basi tuanze na maneno yenyewe. Saratani tumelipokea kutoka Kiarabu, na huko kwao maana yake ya kwanza ni kaa, yule mnyama wa pwani mwenye magando. Wayunani wa kale nao waliuita ugonjwa huu karkinos, yaani kaa vilevile, na inasemekana ni kwa sababu mishipa iliyovimba kuzunguka uvimbe iliwafanana na miguu ya kaa. Walatini wakamwita kaa kansa, Waingereza wakalichukua, nasi tukalipata kwao. Kwa hivyo ukisema saratani au ukisema kansa, umemtaja kaa yule yule. Sarkoma ni neno jingine kabisa. Limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya nyama. Saratani ni jina la ukoo mzima. Sarkoma ni mlango mmoja tu ndani ya ukoo huo. Kila sarkoma ni saratani, lakini si kila saratani ni sarkoma.

Saratani nyingi tunazozisikia, kama ile ya matiti, ya umio, ya shingo ya kizazi, huanzia kwenye seli zinazofunika au kutandika viungo, mfano wa plasta ukutani. Hizo huitwa karsinoma. Sarkoma yenyewe huanzia kwenye nyama na vile vitu vinavyoushikilia mwili pamoja.

Njooni sasa twende buchani, maadamu hapa Isiolo bucha hatuzikosi. Ukilitazama paja la mbuzi linaloning'inia pale utaona nyama nyekundu, hiyo ni misuli. Utaona mafuta meupe. Utaona kano, zile ngumu ambazo mwenye meno mabovu huziweka kando ya sahani. Kuna utando mwembamba unaong'aa, kuna mishipa ya damu, na ukichungua vizuri kuna nyuzi nyeupe za neva. Vyote hivyo kwa pamoja, mbali na mfupa, ndivyo madaktari huviita tishu laini. Binadamu naye ameumbwa vivyo hivyo, na sarkoma ya tishu laini yaweza kuchipuka popote penye vitu hivyo, toka utosini hadi unyayoni. Hata hivyo hupenda zaidi miguu na mikono, hasa paja, na pia kule ndani nyuma ya tumbo ambako inaweza kuwa kubwa kupindukia kabla mwenyewe hajajua lolote.

Mwalimu wetu wa Bayolojia ametufundisha mwaka huu jinsi seli inavyojigawa mara mbili, kisha nne, kisha nane. Katika mwili wenye siha, seli hujua wakati wa kujigawa na wakati wa kuacha. Maagizo hayo yameandikwa ndani ya kiini cha seli. Maagizo yakiharibika mahali fulani, seli moja inaweza kukosa kusikia amri ya kuacha. Hujigawa, na watoto wake hujigawa, na hatimaye wanakuwa furushi. Furushi hilo ndilo uvimbe.

Lakini jamani, si kila uvimbe ni adui! Kuna uvimbe mpole, ambao hukaa mahali pake bila kuvamia jirani. Ulio maarufu zaidi huitwa lipoma, nao ni furushi la mafuta tu chini ya ngozi. Ni laini, huteleza ukiusukuma kwa kidole, aghalabu hauumi, na huweza kukaa miaka na mikaka. Nundu ya ngamia nayo ni mafuta, si maji kama watalii wanavyoambiana, tofauti ni kwamba ngamia amejaliwa nundu yake kwa faida na mwenye lipoma hana anachofaidi. Kuna pia kijinundu cha majimaji kinachotokea kwenye kifundo cha mkono, na kuna alama nyekundu za mishipa ya damu ambazo watoto wachanga huzaliwa nazo au huzipata majuma machache baadaye. Na kuna watu ambao mwili wao wote umejaa vinundu laini vya neva. Hao nataka niwaseme kidogo, kwani wamesengenywa sana. Hali yao huweza kurithiwa kutoka kwa mzazi au ikaanza yenyewe, haiambukizi hata ukiwashika mkono, wala si laana. Ila wanahitaji kuangaliwa, kwa kuwa kinundu kimoja kati ya vile kinaweza kubadilika kikawa kikali.

Uvimbe mpole ni mwingi kuliko sarkoma. Inakadiriwa kwamba kwa kila sarkoma moja ya tishu laini kuna uvimbe mpole upatao mia moja, pengine zaidi. Na katika kila watu wazima mia wenye saratani ya aina yoyote, mwenye sarkoma ni kama mmoja hivi. Kwa watoto hesabu huwa kubwa, karibu kumi na watano katika mia.

Utasema, basi kuna haja gani ya kuogopa? Hapo ndipo taabu ilipo. Kwa vile uvimbe mpole umejaa kila mahali, kila anayeulizwa husema, "Ah, hayo ni mafuta tu," na mara nyingi atakuwa kasema kweli. Ni ile mara moja ndiyo inayoua.

Mjomba wangu, ndugu yake mama, ni mfugaji wa ngamia. Miaka mitatu iliyopita alipata uvimbe pajani, upande wa ndani. Haukumuuma. Kwa mfugaji, jambo lisilokuzuia kutembea si ugonjwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini methali hiyo haimfai mjomba hata kidogo, kwa sababu yeye hakuficha. Aliuonyesha uvimbe wake kwa kila mtu aliyekutana naye, mpaka dereva wa lori la mifugo. Na kila mtu aliupa jina. Mzee mmoja alisema ni damu mbaya imekusanyika, akamchoma kwa chuma cha moto mara nne. Alama zipo mpaka leo. Muuza duka la dawa alisema ni jipu lisiloiva, akamwuzia vidonge. Jirani akasema amepigwa jicho. Ulipofikia ukubwa wa chungwa mjomba alikwenda kwenye zahanati moja ya kibinafsi ambayo jina lake nitalihifadhi. Akaambiwa ni mafuta. Akadungwa sindano ya ganzi, akapasuliwa, uvimbe ukachotwa, akashonwa, akarudi kwa ngamia wake siku iyo hiyo. Kilichotolewa kilitupwa kwenye ndoo.

Baada ya miezi minane uvimbe ulirudi pale pale chini ya mshono, mgumu zaidi, na sasa ulikuwa ukimwuma usiku. Hapo ndipo familia ilipochanga pesa, akapelekwa hospitalini na mwishowe Nairobi kwenye hospitali kubwa ya rufaa. Huko hawakukimbilia kisu. Walimpiga picha kwanza kwa mashine ile inayoonyesha nyama zote ndani ya paja, kisha wakamdunga sindano nene na kutoa vipande vyembamba vya ule uvimbe, vyembamba kama vijiti vya kiberiti. Vikatiwa ndani ya chupa ya dawa ya fomalini na kupelekwa maabara. Kipimo hicho huitwa baiopsi. Baada ya majuma matatu jina likatoka: liposarkoma, yaani sarkoma ya mafuta. Kumbe yule wa zahanati aliyesema ni mafuta alikuwa amepata nusu ya jina!

Nimewaeleza haya yote ili mwone kosa lilikuwa wapi. Kupasuliwa si kosa. Kosa ni kupasuliwa kabla jina kujulikana. Sarkoma haina ukuta thabiti kama gamba la yai; ina kitu kinachofanana na gamba, lakini seli zake hupenya na kukaa nje yake. Mpasuaji anayedhani ni lipoma huchota kile kinachochoteka na kuacha mbegu nyuma. Zaidi ya hayo, damu na majimaji ya kidonda hutandaza seli hizo katika sehemu yote aliyofungua kwa kisu. Daktari wa pili hulazimika kukata si uvimbe peke yake bali na mshono wa kwanza na nyama nzuri inayouzunguka, ili ukingo wote ubaki safi. Mjomba alipoteza sehemu kubwa ya msuli wa paja, kisha akapigwa mionzi siku tano kila wiki kwa majuma sita. Sasa anatembea kwa mkongojo. Kila baada ya miezi kadhaa huenda kupigwa picha ya kifua. Watu humwuliza, "Mguu ndio mgonjwa, kifua cha nini?" Jibu ni kwamba sarkoma nyingi zikisafiri hupitia kwenye damu, na kituo chao cha kwanza huwa ni mapafu.

Katika vijiji na mitaa yetu kuna imani kwamba kansa ikiguswa na kisu au sindano husambaa, kwa hivyo afadhali iachwe. Imani hii nimeisikia toka Bulla Pesa mpaka kwa jamaa wetu wa Merti. Haikuanza bure, kwa sababu watu wameona visa kama cha mjomba. Lakini wamechanganya mambo mawili. Kuchotwa ovyo ndiko huharibu. Baiopsi inayofanywa na mtu anayejua huingia kwa njia moja nyembamba, na mpasuaji akija baadaye huiondoa njia hiyo pamoja na uvimbe. Kuukimbia uvimbe wenyewe hakuuzuii kukua.

Sasa, utajuaje kwamba uvimbe fulani unastahili hospitali? Hakuna dalili moja ya hakika, lakini madaktari wana mambo wanayoyatazama. La kwanza ni ukubwa. Ukizidi sentimita 5, yaani ukikaribia yai la kuku, usikae nao. La pili ni kukua: uvimbe ambao mwezi huu si sawa na wa mwezi uliopita. Kingine ni kina chake; ule ulio chini kabisa, umeshikana na msuli, hautelezi ukiusukuma. Na ule uliotolewa kisha ukarudi, huo usiulize mtu mwingine, funga safari. Mtaona sijaanza na maumivu. Sarkoma nyingi za tishu laini haziumi mwanzoni, na jambo hilo ndilo huwalaghai watu. Tumezoea kwamba kisichouma si ugonjwa.

Msidhani ni sisi tusiosoma udaktari peke yetu tunaokosea majina. Afrika Mashariki inacho kisa mashuhuri sana cha jambo hili. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliona watoto wenye uvimbe wa kutisha kwenye mataya. Mwaka 1958 aliandika makala kuhusu ugonjwa huo na kuuita sarkoma ya mataya ya watoto wa Kiafrika. Kisha vipande vikachunguzwa zaidi kwa darubini, na ikabainika kwamba haikuwa sarkoma hata kidogo, bali limfoma, saratani ya seli za kinga. Burkitt hakukasirika jina lake lilipobadilishwa. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walichukua gari na kusafiri kilomita karibu 16,000 kutoka Uganda kwenda kusini mwa Afrika na kurudi, wakiuliza hospitali baada ya hospitali ni wapi ugonjwa huo unaonekana na wapi hauonekani. Mwaka 1964, kutokana na vipande vya uvimbe huo vilivyopelekwa London, virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu vikagunduliwa. Na limfoma ya Burkitt hutibika kwa dawa, bila kukata taya. Fikirini kama wangeshikilia jina la kwanza.

Sarkoma iliyo yetu hasa katika sehemu hizi za dunia ni ile ya Kaposi, na hii nitaieleza kwa kirefu kwa sababu imewaletea watu fedheha wasiyostahili.

Moritz Kaposi alikuwa daktari wa ngozi katika jiji la Vienna. Alizaliwa Hungaria kwa jina la Kohn, akalibadilisha ukubwani na kuchukua jina linalotokana na mji wake wa Kaposvár. Mwaka 1872 aliandika juu ya wagonjwa wachache, wanaume wenye umri mkubwa, waliokuwa na mabaka na vinundu vya rangi ya damu ya mzee kwenye miguu. Ulaya ugonjwa huo ulibaki kuwa wa nadra, wa wazee wa pande za bahari ya Mediterania. Lakini hapa Afrika madaktari walikuta mambo tofauti. Katika miaka ya 1950 na 1960 ilionekana kwamba mashariki ya Kongo, Uganda na nchi jirani, sarkoma ya Kaposi haikuwa nadra kabisa. Iliwapata wanaume waliokomaa, na hata watoto wadogo, ambao kwao ilivimbisha tezi. Mwaka 1961 wataalamu walikutana Kampala kuujadili ugonjwa huu peke yake. Mwaka 1967 taasisi ya saratani ikaanzishwa pale Mulago, ile inayojulikana leo kama Taasisi ya Saratani ya Uganda, na katika miaka migumu ya Idi Amin wageni walipoondoka, Profesa Charles Olweny ndiye aliyeiongoza akiwa Mganda wa kwanza. Wagonjwa wa Kaposi walitibiwa hapo kwa dawa kabla ya mtu yeyote duniani kusikia neno UKIMWI.

Nairudia hiyo kwa makusudi: kabla ya UKIMWI. Mwaka 1981 huko Marekani, katika miji ya New York na pande za California, Kaposi ilianza kuonekana kwa wanaume vijana, tena ikienda mbio. Hiyo ilikuwa moja ya ishara za kwanza za janga jipya. Mwaka 1983 mjini Lusaka, mpasuaji Anne Bayley, aliyeizoea Kaposi ya zamani ya polepole, aliona kwamba alikuwa akipokea Kaposi ya aina nyingine, kali, isiyosikia dawa. Kinga ya mwili ilipoporomoka, ugonjwa wa wazee ukawa ugonjwa wa vijana. Katika miaka ya 1990 rejista ya saratani ya Kampala ilionyesha kwamba Kaposi ndiyo saratani iliyoongoza kwa wanaume.

Chanzo chake kilifichuka mwaka 1994. Yuan Chang na Patrick Moore, mke na mume, walitumia ufundi wa kulinganisha chembe za urithi za kipande chenye ugonjwa na kipande kizima cha mgonjwa yule yule, wakauliza: ni kitu gani kiko huku na kule hakipo? Wakapata kirusi kipya, ndugu wa mbali wa kile cha tetekuwanga. Kirusi hicho huenea hasa kwa mate, na katika Afrika wengi hukipata utotoni. Walio wengi hukaa nacho maisha yote bila kuugua. Huinuka kinga inapodhoofika, iwe kwa sababu ya HIV, au kwa dawa anazopewa mtu aliyepandikizwa figo, au kwa sababu nyingine ambazo hazihusiani na tabia ya mtu. Kwa hivyo, ndugu msomaji, ukimwona mzee ana vinundu vyeusi au vya zambarau mguuni, na mguu umevimba kama wa matende, usikimbilie kunong'ona. Huenda ana HIV, huenda hana. Wewe hujui na macho yako hayajui. Kinachohitajika ni kipande kidogo cha ngozi na kipimo cha damu, si uvumi wa sokoni.

Mwenye HIV na Kaposi pia si mtu wa kukatiwa tamaa. Dawa za kupunguza makali ya HIV hutolewa bila malipo katika hospitali za serikali, na kwa wenye Kaposi nyepesi dawa hizo peke yake zinaweza kuyafifisha mabaka. Kwa Kaposi iliyozidi huongezwa dawa za saratani. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2020, uliofanywa Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazil, ulilinganisha dawa kadhaa na kuonyesha kwamba ile iitwayo paklitakseli ilifanya kazi vizuri kuliko nyingine zilizozoeleka. Wagonjwa wa hapa hapa kwetu ndio waliosaidia dunia kulijua hilo, jambo ambalo kwa maoni yangu halitangazwi vya kutosha.

Aina nyingine za tishu laini nitazipitia upesi, manake zote kwa jumla huzidi sabini na mhariri ametupa kurasa chache. Rabdomiosarkoma hutokana na seli za msuli na hupenda watoto wadogo, mara nyingine nyuma ya jicho au kwenye kibofu. Leiomiosarkoma ni ya misuli ile inayofanya kazi bila sisi kuiamuru, kama ya mji wa mimba. Anjiosarkoma ni ya mishipa ya damu, nayo ni kali sana. Na kuna sarkoma ya sinovia, yenye jina la kudanganya: wa kwanza walioiona karibu na magoti walidhani imetoka kwenye utando wa viungo, kumbe haikutoka huko, lakini jina likawa limeshika. Hii huwapata vijana.

Nikitaja vijana, sina budi kuvuka mpaka kidogo na kuingia kwenye mfupa, kwa kuwa sarkoma ya mfupa ndiyo inayotuhusu zaidi sisi wa umri huu. Inaitwa osteosarkoma. Huanza hasa kati ya miaka 10 na 20, wakati mifupa inaporefuka kwa kasi, na mahali ipapendapo ni karibu na goti. Hebu fikiria jinsi inavyojificha: mvulana mrefu, mchezaji wa kandanda, anaumwa na goti. Nani hapa shuleni hajawahi kuumwa na goti? Tutamkanda kwa maji moto na kumwambia acha uvivu. Maumivu ya kuumia mchezoni hupungua siku zikipita. Ya osteosarkoma huongezeka, humwamsha mtu usiku, na baada ya majuma kadhaa panaanza kuvimba. Kuumia si chanzo cha ugonjwa. Mara nyingi ile teke humfanya mtu atazame mahali ambapo ugonjwa ulikuwa umeshaingia. Picha ya eksrei, ambayo si jambo la ajabu siku hizi, huweza kuonyesha kasoro mapema.

Mkanada Terry Fox alikuwa na miaka 18 alipokatwa mguu mwaka 1977 kwa ajili ya ugonjwa huu. Mwaka 1980 alianza kukimbia kuvuka nchi yake kwa mguu mmoja na mwingine wa bandia, karibu kilomita 42 kila siku, akichangisha pesa za utafiti. Alikimbia siku 143 na kilomita 5,373. Akasimama kwa sababu ugonjwa ulikuwa umefika mapafuni, kile kituo nilichokitaja awali, na akafa mwaka 1981. Siku hizi, palipo na vifaa na dawa, karibu vijana wawili kati ya watatu ambao ugonjwa haujasafiri hupona, na wengi hubaki na miguu yao. Sababu ni dawa za kemo zinazotolewa kabla na baada ya upasuaji.

Kuhusu chanzo cha sarkoma nyingine, ukweli ni kwamba kwa wagonjwa wengi hakipatikani. Wachache wamerithi kasoro katika chembe za urithi. Wachache wengine walipigwa mionzi miaka ya nyuma kwa ajili ya ugonjwa mwingine. Jicho baya halimo katika orodha hiyo.

Kwa sisi wa Isiolo, safari huanzia katika hospitali ya kaunti hapa mjini, na inapobidi huendelea Meru au Nairobi. Si safari ya bei rahisi, na ni vyema kila familia ijiandikishe na SHA kabla ya shida kuja, kwa kuwa ile kadi ya zamani ya NHIF haifanyi kazi tena tangu Oktoba 2024. Uvimbe ukitolewa popote pale, hata ukiwa mdogo, mwulize aliyeutoa unakwenda wapi. Jibu liwe ni maabara. Chupa iandikwe jina la mgonjwa, tarehe, na mahali ulipotolewa, maanake chupa isiyo na jina haina faida kwa mtu. Majibu yakirudi yatakuwa yameandikwa kwa Kiingereza kigumu cha kidaktari. Mwombe daktari akusomee kwa lugha unayoielewa, neno kwa neno, hasa jina kamili la uvimbe na kama ukingo wake ulikuwa safi. Kisha toa nakala mbili. Ya mjomba mama ameihifadhi sandukuni, ndani ya bahasha moja na hati ya shamba.